Upandikizaji wa figo kwa watu wanaoishi na VVU

Upandikizaji wa figo kwa watu wanaoishi na VVU ni tiba ya upasuaji ambayo mtu mwenye virusi vya UKIMWI, na ambaye figo zake zimeshindwa kabisa kufanya kazi, huwekewa figo ya mtu mwingine. Mtoaji anaweza kuwa mtu aliye hai au aliyefariki. Kwa muda mrefu ilitakiwa awe hana VVU. Tangu mwaka 2008 zimetumika pia figo za watoaji wenye VVU.

Hadi miaka ya 1990 hospitali nyingi duniani zilikataa kumpandikiza figo mtu mwenye VVU. Kupatikana kwa matibabu ya mseto wa dawa za ARV mwaka 1996 kulianza kuondoa sababu za katazo hilo. Siku hizi mtu mwenye VVU ambaye virusi vyake vimefubazwa na dawa anaweza kupandikizwa figo na kupata matokeo yanayokaribia yale ya wagonjwa wengine. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilianzia Cape Town, Afrika Kusini, katika Hospitali ya Groote Schuur.

## Kwa nini figo hushindwa

Figo huchuja damu, huondoa taka na maji ya ziada kwa njia ya mkojo, na husaidia kutawala shinikizo la damu. Zikishindwa kabisa, mgonjwa hubaki na njia mbili za kuendelea kuishi: kusafishwa damu kwa mashine au kwa maji yanayopitishwa tumboni (dialisisi), au kupandikizwa figo.

Watu wenye VVU hupata ugonjwa wa figo kwa sababu kadhaa:

* VVU vyenyewe. Virusi vinaweza kuingia katika seli za vichujio vya figo na kuviharibu. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 nchini Marekani. Dalili yake kuu ni protini nyingi kwenye mkojo. Bila ARV, figo zinaweza kufa katika muda wa miezi.
* Dawa. Tenofoviri ya aina ya zamani (TDF), inayotumiwa sana barani Afrika, inaweza kudhuru mirija ya figo kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo wanaoitumia hupimwa kreatinini mara kwa mara.
* Maambukizi yanayoambatana na VVU, hasa homa ya ini aina ya B na ya C.
* Shinikizo la damu na kisukari. Kwa kuwa ARV zimerefusha maisha, watu wenye VVU huzeeka na kupata magonjwa haya kama watu wengine.

Urithi pia una nafasi yake. Mwaka 2010 watafiti waligundua kwamba aina mbili za jeni iitwayo APOL1, zinazoitwa G1 na G2, huongeza sana hatari ya ugonjwa wa figo. Aina hizo ni za kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Inadhaniwa zilienea kwa sababu humkinga mtu dhidi ya baadhi ya vimelea vya malale. Anayerithi aina hizo kutoka kwa baba na kwa mama, kisha akaambukizwa VVU bila kutibiwa, yuko katika hatari kubwa. Kinyume chake, utafiti nchini Ethiopia ulikuta kwamba jeni hizo hazipo kwa watu waliochunguzwa, na ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU vyenyewe haukuonekana kwao pia.

## Kwa nini VVU vilikuwa kizuizi

Mwili huitambua figo iliyopandikizwa kuwa kitu kigeni na hujaribu kuiua. Ili kuzuia hali hiyo, mpokeaji hutumia dawa za kushusha kinga kwa muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi. VVU navyo hushusha kinga kwa kuua seli za CD4. Madaktari waliogopa kwamba kuongeza dawa za kushusha kinga kwa mtu ambaye kinga yake tayari iko chini kungemwua kwa maambukizi au kwa saratani.

Kulikuwa pia na hoja ya uhaba. Figo za kupandikiza ni chache kuliko wanaozihitaji, na wengi waliona kwamba haifai kumpa figo mtu ambaye hatarajiwi kuishi miaka mingi. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kabla ya mwaka 1996. Baada ya ARV kuonekana kurudisha kinga na kurefusha maisha kwa miongo, ilipoteza msingi wake, lakini miongozo ya hospitali nyingi ilichelewa kubadilika.

Kati ya Novemba 2003 na Juni 2009 utafiti mkubwa ulifanyika katika vituo 19 vya Marekani chini ya uongozi wa daktari wa upasuaji Peter Stock wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Watu 150 wenye VVU walipandikizwa figo za watu wasio na VVU. Wote walikuwa na CD4 zisizopungua 200 na virusi visivyoonekana kwenye kipimo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010:

* Baada ya mwaka 1, asilimia 94.6 ya wagonjwa walikuwa hai. Baada ya miaka 3, asilimia 88.2.
* Figo zilizokuwa bado zinafanya kazi zilikuwa asilimia 90.4 baada ya mwaka 1 na asilimia 73.7 baada ya miaka 3.
* Asilimia 31 walipata tukio la mwili kukataa figo katika mwaka wa kwanza.

Kiwango cha kuishi kilikuwa kati ya kile cha wapokeaji wote wa figo nchini humo na kile cha wapokeaji wenye umri wa miaka 65 au zaidi. VVU viliendelea kudhibitiwa. Jambo lililoshangaza ni kwamba mwili ulikataa figo mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Madaktari walikuwa wameogopa kinga iliyo chini mno, kumbe tatizo lililojitokeza zaidi lilikuwa kinga inayoshambulia figo mpya. Sababu moja iliyotajwa ni mgongano wa dawa, unaoelezwa hapa chini.

## Figo za watoaji wenye VVU: Groote Schuur, 2008

Hospitali ya Groote Schuur inajulikana duniani kwa upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu, uliofanywa na Christiaan Barnard tarehe 3 Desemba 1967. Miaka 40 baadaye, daktari wa upasuaji Elmi Muller alikabiliwa hapo na tatizo la aina nyingine.

Katika hospitali za serikali za Afrika Kusini mashine za kusafisha damu hazitoshi. Utaratibu uliowekwa ni kwamba huduma hiyo ya kudumu hupewa kwanza mgonjwa anayefaa kupandikizwa figo, ili baadaye aiachie mashine mtu mwingine. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Soobramoney dhidi ya Waziri wa Afya wa KwaZulu-Natal, iliamua kwamba hospitali ya serikali mjini Durban haikuvunja katiba ilipofuata utaratibu wa namna hiyo. Mlalamikaji katika kesi hiyo alikuwa na magonjwa mengine, lakini matokeo ya utaratibu huo kwa watu wenye VVU yalikuwa wazi. Kwa kuwa walihesabiwa kuwa hawafai kupandikizwa, hawakupewa mashine pia. Kushindwa kwa figo kulikuwa sawa na hukumu ya kifo, hata kama ARV, zilizoanza kutolewa katika hospitali za serikali mwaka 2004, zilikuwa zimefubaza virusi vyao.

Upande wa pili, hospitali hizohizo zilipokea watu waliokufa ubongo kwa ajali au majeraha, ambao familia zao zilikubali kutoa viungo. Kipimo kikionyesha kwamba marehemu alikuwa na VVU, figo zake hazikutumiwa. Hivyo kulikuwa na wagonjwa wenye VVU wanaokufa kwa kukosa figo, na figo za watu wenye VVU zisizotumika.

Septemba 2008 Muller alianza kuunganisha pande hizo mbili. Watoaji walikuwa watu waliofariki wakiwa na VVU, ambao hawakuwahi kutumia ARV au walikuwa wakitumia dawa za mstari wa kwanza tu. Kipande kidogo cha figo kilichunguzwa kwa hadubini ili kuhakikisha kwamba haikuwa imeharibiwa. Wapokeaji walitakiwa kuwa na CD4 za 200 au zaidi na virusi visivyoonekana.

Taarifa ya wagonjwa 4 wa kwanza ilichapishwa mwaka 2010. Mwaka 2015 zilichapishwa habari za wagonjwa 27 waliopandikizwa hadi Februari 2014. Asilimia 84 walikuwa hai baada ya miaka 3, na asilimia 74 baada ya miaka 5. Kwa upande wa figo zenyewe, bila kuhesabu vifo vilivyotokana na mambo mengine, asilimia 84 zilikuwa zinafanya kazi baada ya miaka 5. Virusi viliendelea kufubazwa kwa wapokeaji.

## Mabadiliko ya sheria Marekani

Nchini Marekani kizuizi kilikuwa cha kisheria. Mwaka 1988 Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria ya upandikizaji wa viungo na kukataza kuchukua kiungo cha mtu mwenye VVU, hata kwa ajili ya mpokeaji ambaye tayari ana VVU. Matokeo ya Cape Town yalikuwa miongoni mwa hoja zilizotumiwa kudai mabadiliko. Tarehe 21 Novemba 2013 Rais Barack Obama alitia saini sheria inayojulikana kwa kifupi kama HOPE, iliyoruhusu upandikizaji huo ufanyike ndani ya utafiti.

Upandikizaji wa kwanza chini ya sheria hiyo, wa figo na wa ini, ulifanyika Johns Hopkins mjini Baltimore mwaka 2016. Mwaka 2019 hospitali hiyohiyo ilipandikiza figo iliyotolewa na mwanamke aliye hai mwenye VVU, ambalo lilikuwa tukio la kwanza la aina hiyo Marekani.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti katika vituo 26 vya Marekani uliolinganisha wapokeaji 198 wenye VVU: 99 walipata figo za watoaji wenye VVU na 99 figo za watoaji wasio na VVU. Baada ya mwaka 1 walikuwa hai asilimia 94 na 95, na baada ya miaka 3 asilimia 85 na 87. Figo zilizofanya kazi na visa vya mwili kukataa figo vilikaribiana pia. Tofauti iliyoonekana ni kwamba virusi vilipanda kwenye damu mara nyingi zaidi katika kundi la kwanza, lakini vilidhibitiwa tena. Novemba 2024 serikali ya Marekani iliondoa sharti la kufanya upandikizaji wa figo na ini wa namna hii ndani ya utafiti pekee.

## Masharti kwa mgonjwa

Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini kwa kawaida mgonjwa mwenye VVU anayetaka kupandikizwa figo hutakiwa:

* kutumia ARV bila kukatisha, na virusi visionekane kwenye kipimo;
* kuwa na CD4 za 200 au zaidi;
* kutokuwa na maambukizi nyemelezi wala saratani isiyotibiwa;
* kupimwa kifua kikuu na homa ya ini ya B na C;
* kuwa na moyo na mishipa inayoweza kuhimili upasuaji;
* kuelewa kwamba atameza dawa kila siku na kuhudhuria kliniki kwa miaka mingi.

Upasuaji wenyewe hautofautiani na ule wa watu wengine. Figo mpya huwekwa sehemu ya chini ya tumbo, upande mmoja, na kuunganishwa na mishipa ya damu na kibofu cha mkojo. Figo za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Kwa wafanyakazi wa chumba cha upasuaji, tahadhari dhidi ya damu ni zilezile zinazotakiwa kwa kila mgonjwa.

## Mgongano wa dawa

Sehemu ngumu zaidi ya tiba hii huja baada ya upasuaji. Dawa kuu za kuzuia mwili usikatae figo, takrolimusi na siklosporini, huvunjwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Baadhi ya ARV hugusa kimeng'enya hichohicho.

Ritonaviri na kobisistati, zinazotumiwa kuongeza nguvu ya ARV nyingine, huzuia kimeng'enya hicho. Takrolimusi haivunjwi haraka na hujaa mwilini kiasi cha kuweza kuidhuru figo mpya. Mtu ambaye kwa kawaida angemeza takrolimusi mara mbili kwa siku anaweza kuhitaji miligramu 0.5 hadi 1 tu kwa wiki. Efavirenzi hufanya kinyume: huchochea kimeng'enya, dawa huvunjwa upesi, na mwili hupata nafasi ya kukataa figo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huchochea kwa nguvu zaidi, na hivyo ni tatizo kubwa katika nchi zenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu.

Kwa sababu hiyo madaktari hupendelea ARV za kundi la dolutegraviri na raltegraviri, ambazo haziathiri takrolimusi kwa kiasi cha maana. Dolutegraviri ina jambo moja la kuangaliwa: hupandisha kidogo kreatinini kwenye damu bila kuidhuru figo, kwa kuzuia njia moja ambayo kreatinini hutokea kwenda kwenye mkojo. Asiyelijua hilo anaweza kudhani kwamba figo mpya inakataliwa.

Mgonjwa hatakiwi kuacha au kubadili ARV bila kliniki ya figo kujua. Kiasi cha takrolimusi kilichomfaa kwa dawa moja kinaweza kumdhuru kwa dawa nyingine.

## Hatari

Hatari za kawaida za upandikizaji, kama kuvuja damu, maambukizi na saratani, zipo pia kwa watu wenye VVU. Mgonjwa hupewa kotrimoksazoli kuzuia nimonia ya nyemelezi, na dawa za kuzuia virusi vya sitomegalo pale inapohitajika. Wenye homa ya ini ya C isiyotibiwa walionekana kupata matokeo mabaya zaidi. Siku hizi ugonjwa huo hupona kwa vidonge.

Figo ya mtoaji mwenye VVU huleta hatari mbili zaidi. Ya kwanza ni mpokeaji kupata aina nyingine ya VVU juu ya ile aliyonayo, pengine yenye usugu wa dawa. Ndiyo maana historia ya dawa za mtoaji huchunguzwa kwa makini. Ya pili ni kwamba figo inaweza kuwa imeanza kuharibika tangu kwa mtoaji. Kwa mtoaji aliye hai kuna swali la ziada: anabaki na figo moja huku akiwa na VVU, kwa hiyo hali ya figo zake huchunguzwa kwa undani kabla ya kukubaliwa.

Figo ya mtoaji mwenye VVU haipandikizwi kwa mpokeaji asiye na VVU katika taratibu hizi. Mpokeaji mwenye VVU lazima aelezwe hali ya mtoaji na akubali kwa hiari. Anaweza kukataa na kuendelea kusubiri figo nyingine.

Mbali na kuokoa wagonjwa wenye VVU, utaratibu huu huwafaa wengine pia, kwa kuwa kila anayepata figo ya namna hii huipunguza foleni. Nchini Marekani ulifaidi pia figo za watoaji ambao kipimo cha kwanza kilidai wana VVU, kumbe hawakuwa navyo. Zamani figo hizo zingetupwa.

## Hali ya Afrika Mashariki

Nchini Kenya upandikizaji wa figo umefanywa kwa miongo kadhaa, ikiwa ni pamoja na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi. Nchini Tanzania Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, ikafuatwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma mwaka 2018. Rwanda ilianza mwaka 2023 katika Hospitali ya King Faisal mjini Kigali, na Uganda ilianza mwaka huohuo katika Hospitali ya Mulago, baada ya kutunga sheria ya upandikizaji wa viungo. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wenye uwezo walisafiri kwenda India.

Tofauti na Afrika Kusini, ambako watoaji waliofariki wana nafasi kubwa, upandikizaji katika nchi hizi hutegemea watoaji walio hai, hasa ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo njia ya Groote Schuur haiwezi kuhamishwa ilivyo. Ndugu mwenye VVU anayejitolea huibua moja kwa moja swali la usalama wa mtoaji aliye hai.

Kwa upande wa dawa, hali imekuwa nyepesi. Tangu Shirika la Afya Duniani lipendekeze dolutegraviri kuwa dawa ya kwanza, wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya wamehamia kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hakigombani na takrolimusi kama dawa za awali, ingawa mwenye figo iliyopandikizwa mara nyingi hubadilishiwa tenofoviri. Kizuizi kinachobaki kwa wengi ni gharama za kusafishwa damu, za upasuaji na za dawa za kushusha kinga, ambazo, tofauti na ARV, hazitolewi bure kwa kila anayezihitaji.

Kinga iliyo nafuu zaidi ni kuanza ARV mapema. Matibabu ya mapema hupunguza sana ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU vyenyewe, na kupima mkojo na kreatinini kliniki huonyesha tatizo figo zikiwa bado zinaweza kuokolewa.

## Tazama pia

* Figo
* VVU
* UKIMWI
* Upandikizaji wa viungo
* Kifua kikuu